Kilwa na Dhahabu ya Zimbabwe: Kuinuka na Kuanguka kwa Ufalme wa Pwani

Utangulizi

Msomaji aliyeko Kesses hana haja ya kusafiri siku nyingi ili akutane na historia iliyonyang'anywa wenyewe. Katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, Uasin Gishu ikiwamo, yapo mashimo mapana ya mviringo, mengine yakiwa yamezungushiwa mawe, ambayo Wakalenjini huyataja kuwa ya Wasirikwa. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliyahesabu mashimo hayo miongoni mwa mabaki ya kile alichokiita ustaarabu wa Azania, akaupa ustaarabu huo wenyewe wa asili ya Kihamiti waliokwisha toweka. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960, John Sutton alipoyachimba na kuonyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya wafugaji ambao damu na desturi zao bado zimo katika watu wa nyanda hizo hizo.

Tabia ya kumtafutia Mwafrika baba wa mbali kila palipo na jiwe lililopangwa juu ya jiwe haikuishia kwenye mashimo hayo. Kusini kabisa, Karl Mauch alipofika kwenye magofu ya Zimbabwe mwaka 1871 aliyahusisha na Malkia wa Sheba. Na pwani ya Afrika Mashariki, kwa muda mrefu, magofu ya Kilwa Kisiwani yalisomwa kama kazi ya Waajemi na Waarabu waliojenga mji wao katika nchi isiyokuwa na watu wa kutajwa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kuinuka na kuanguka kwa ufalme wa Kilwa, tangu karne ya 9 hadi mwanzo wa karne ya 16, na kuuangalia pamoja na ufalme wa Zimbabwe ambao ndio uliokuwa chemchemi ya utajiri wake. Hoja zinazotetewa ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Kilwa haikuzaliwa na merikebu zilizotoka ng'ambo. Ilizaliwa na mafungamano ya watu wa kisiwa, watu wa bara na wageni wa baharini. Ya pili ni kwamba jambo lile lile lililoinua Kilwa ndilo lililoiangusha, kwa kuwa ufalme huo ulisimama mlangoni mwa mali ambayo haikuwa yake. Wareno waliokuja mwaka 1505 waliusukuma ukuta uliokwisha kuwa na nyufa.

Ushahidi na namna ya kuusoma

Mwanahistoria wa Kilwa ana bahati ambayo mwenzake wa Zimbabwe hana, nayo ni maandishi. Tarihi ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni muhtasari wa Kireno uliomo katika kazi ya João de Barros iliyochapishwa mwaka 1552. Ya pili ni maandishi ya Kiarabu yaliyotungwa katika karne ya 16 na mwandishi ambaye hakulitaja jina lake. Nakala yake, iliyonukuliwa Unguja katika karne ya 19, ilitolewa na Sayyid Barghash kwa John Kirk na hatimaye ikahifadhiwa London. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Ipo njia ya tatu pia, ambayo wataalamu wa lugha wamestahili kuishughulikia zaidi kuliko walivyofanya: masimulizi ya Kiswahili ya watu wa Kilwa wenyewe, ambayo Carl Velten aliyachapisha mwaka 1907.

Juu ya maandishi hayo kuna ushahidi wa ardhi. Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani kuanzia mwaka 1960 hadi 1965 na kutoa ripoti yake kubwa mwaka 1974. Kuna ushahidi wa sarafu, na kuna ushahidi wa lugha, ambao Derek Nurse na Thomas Spear waliuweka wazi mwaka 1985. Mwaka 2023 ukaongezeka ushahidi wa namna nyingine kabisa, yaani uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara zikiwa miongoni mwake.

Yafaa ikumbukwe kwamba tarihi yoyote huandikwa na mtu mwenye bwana wake. Mwandishi wa tarihi ya Kiarabu alikuwa mtu wa Kilwa aliyeandika wakati ufalme umekwisha anguka, naye alitaka kuonyesha uhalali wa nasaba fulani. Kwa hiyo swali la kumwuliza si moja. Tunamwuliza yaliyotokea, na tunamwuliza pia kwa nini ameyasimulia kwa namna hiyo aliyoyasimulia.

Mwanzo wa mji na kisa cha nguo

Kisa cha mwanzo wa Kilwa kinajulikana sana. Mwana wa mfalme wa Shirazi, Ali bin al-Hasan, alitoka kwao na jamaa zake katika merikebu saba, na kila merikebu ikatua mahali pake. Alipofika Kilwa alikuta kisiwa kina mwenyewe. Akamwomba amwuzie, naye akakubali kwa bei ya nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikatolewa, mwenyeji akahamia bara, na mgeni akawa mfalme.

Hivi ndivyo tarihi ya Kiarabu inavyotaka tuelewe: palikuwa na muuzaji na mnunuzi, bei ikalipwa, na haki ya wa kwanza ikakoma. Lakini masimulizi ya Kiswahili yana jambo ambalo tarihi imeliacha. Humo mwenyeji anaitwa Mzee Mrimba, naye hakuondoka peke yake wala hakuondoka moja kwa moja. Mgeni alimwoa binti yake. Katika ndoa hiyo akazaliwa mtoto wa kiume, na mtoto huyo alipokua alikwenda bara kumzuru babu yake, na babu akamkabidhi utawala kwa kuwa ni mjukuu wake.

Tofauti baina ya masimulizi haya mawili si ndogo. Katika la kwanza, utawala wa Kilwa unatokana na mali ya mgeni. Katika la pili, nguo ni zawadi ya mkwe kwa mkwe, na utawala unapita katika tumbo la binti wa mwenyeji. Yeyote aijuaye mila ya jamii za kusini mwa Tanzania, ambako urithi wa upande wa mama una nguvu hadi leo, ataona mara moja kuwa wasimulizi wa Kiswahili walikuwa wakisema lugha ya sheria ambayo jirani zao wa bara wangeielewa. Sultani alikuwa halali kwa watu wa kisiwa kwa sababu ya baba yake, na halali kwa watu wa bara kwa sababu ya mama yake.

Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya kisa hiki. Wa zamani walikichukua kilivyo. Mwaka 1965 Chittick alitoa rai kwamba hao Washirazi walitoka pwani ya Banadiri, si Uajemi, na kwamba utawala wao ulianza karibu na mwisho wa karne ya 12. Wengine baadaye walifika hadi kusema kuwa Ushirazi wote ni vazi la heshima tu, lililovaliwa na Waswahili waliotaka nasaba ya Kiislamu. Ushahidi uliopatikana tangu hapo umezisogeza rai zote mbili. Katika hazina ya sarafu iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilionekana sarafu za fedha zenye jina la Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11, jambo ambalo limewafanya wengi waurudishe mwanzo wa watawala hao nyuma kwa zaidi ya miaka 100. Nao uchunguzi wa mwaka 2023 umeonyesha kwamba wengi wa watu waliochunguzwa walikuwa na asili ya pande mbili: upande wa mama karibu wote ni wa Kiafrika, na upande wa baba sehemu kubwa ni wa Kiasia, hasa wa Kiajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000.

Kwa hiyo mifupa imekuja kuwaunga mkono wasimulizi wa Mzee Mrimba. Wageni walikuja, na hapana haja ya kuwakana. Lakini walikuja kwa wenyeji wenye mji, wakaoa humo, na watoto wao wakalelewa katika lugha ya mama zao. Uchimbaji umethibitisha kuwa Kilwa ilikaliwa tangu karne ya 9, karne mbili kabla ya huyo Ali, na watu waliofinyanga vyungu vya namna moja na vile vya jirani zao wa pwani na bara, waliovua samaki na kufua chuma. Na lugha iliyoshinda ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki. Maneno ya Kiarabu yaliingia kwa wingi katika dini, sheria na biashara, lakini mfumo wa ngeli, viambishi vya vitenzi na msamiati wa mwili, wa ukoo na wa shamba ulibaki wa Kibantu. Mgeni anayeacha lugha yake na kujifunza ya mkewe hawezi kuitwa mwanzilishi wa taifa; ni mtu aliyepokewa.

Dhahabu na majumba ya mawe

Hadi karne ya 12 Kilwa ilikuwa mji mmoja tu miongoni mwa miji ya pwani, na kwa utajiri haikuishinda Mogadishu. Kilichoigeuza kuwa ufalme ni dhahabu ya Sofala, na sababu yake ya kwanza ni upepo.

Jahazi lililotoka Uarabuni au Bara Hindi kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa na kurudi kwao kwa kusi katika mzunguko wa mwaka mmoja. Lililothubutu kuvuka kwenda kusini zaidi lilijiweka katika hatari ya kuachwa na upepo na kungoja msimu mwingine. Hivyo Kilwa ikawa kituo cha mwisho cha wageni na kituo cha kwanza cha wale walioijua njia ya kusini. Kwa mujibu wa Barros, watu wa Mogadishu ndio waliotangulia kufanya biashara na Sofala, kisha Kilwa ikawanyang'anya. Kuanzia hapo dhahabu ya kusini ilipita mikononi mwa mfalme wa Kilwa na ushuru wake ukalipwa kwake.

Dhahabu hiyo haikuchimbwa Sofala. Ilitoka katika nyanda za juu baina ya mito Zambezi na Limpopo, katika nchi ya mababu wa Washona. Mji wa kwanza mkubwa wa huko, Mapungubwe, karibu na mto Limpopo, ulistawi katika karne ya 13 na kuachwa kabla ya karne hiyo kwisha. Makaburi yake yaliyofunguliwa miaka ya 1930 yalikuwa na shanga za kioo kutoka ng'ambo na kifaru mdogo aliyefunikwa kwa bamba la dhahabu. Baada ya Mapungubwe nguvu zikahamia kwenye Zimbabwe Kuu. Ukuta wa nje wa ua wake mkubwa una urefu wa mita 250 hivi kwa kuuzunguka, na mahali pengine umepanda hadi mita 11, mawe yakiwa yamepangwa bila chokaa wala udongo wa kuyashika.

Jina lenyewe linamhusu mwanafunzi wa lugha. Katika Kishona, dzimba dza mabwe ni majumba ya mawe. Mwenye kujua Kiswahili hahitaji mkalimani mkubwa: imba na dzimba ni ndugu wa nyumba, na mabwe ni mawe. Vivyo hivyo katika jina la Mwene Mutapa, mfalme aliyetawala kaskazini mwa nchi hiyo baadaye, neno mwene linasimama karibu kabisa na mwenye na mwinyi wa pwani. Wachimbaji wa dhahabu na mabaharia walioinunua hawakusema lugha moja, ila walisema lugha za ukoo mmoja. Na mfanyabiashara wa Kilwa aliyepanda bara kutoka Sofala alisikia maneno aliyoweza kuyakisia.

Kwamba walifikiana kuna ushahidi wake. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu vimepatikana vyombo vya Kichina na vya Kiajemi, shanga, na sarafu ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Sarafu hiyo haikuwa na thamani kubwa, kwa kuwa fedha ya shaba ya Kilwa ilikuwa ya kununulia vitu sokoni kwao. Lakini kama hati ya historia ina thamani kuliko dhahabu.

Ukweli kuhusu Zimbabwe Kuu haukukubaliwa kwa urahisi. David Randall-MacIver alisema mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929, kwamba mji huo ni kazi ya Waafrika. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuiogopa kauli hiyo, na Peter Garlake, aliyekuwa akiyahifadhi magofu hayo, aliondoka nchini mwaka 1970 kwa sababu ya mashindano hayo. Nchi ilipopata uhuru tarehe 18 Aprili 1980 ilichukua jina lake kwenye mawe hayo.

Zama za Abu al-Mawahib

Karibu na mwaka 1277 utawala wa Kilwa ulitwaliwa na ukoo wa Mahdali, na chini ya ukoo huo ufalme ulifika kileleni. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala takriban kuanzia mwaka 1310 hadi 1333, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, nje kidogo ya mji. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua pana, maghala ya bidhaa na birika la kuogea lenye pembe nane. Ni yeye pia aliyehusika na upanuzi mkubwa wa Msikiti Mkuu. Sarafu zake za shaba hazina tarehe, lakini zina jambo la kumpendeza mwanafasihi: maneno ya Kiarabu yaliyoandikwa upande mmoja yana kina kimoja na maneno ya upande wa pili. Alitoa hata sarafu za dhahabu, ambazo chache mno zimepatikana.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa. Alimsifu Sultani kwa uchaji na kwa ukarimu, uliompatia lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Aliwaeleza watu wa mji kuwa weusi sana na wenye chale usoni. Msafiri aliyezaliwa Tanja hakuwa na sababu ya kuwapa watu wa Kilwa uafrika wasiokuwa nao, aliandika alichokiona. Kadhalika alielezwa na mfanyabiashara mmoja kwamba Sofala ni mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu huletwa Sofala kutoka nchi ya ndani iliyo mwendo wa mwezi mmoja zaidi.

Ustawi huo ulitegemea mambo yaliyokuwa mbali na uwezo wa Kilwa. Miji ya Italia ilikuwa imeanza kupiga fedha za dhahabu, Firenze mwaka 1252 na Venezia mwaka 1284, na haja ya dhahabu ilikuwa imeongezeka katika bahari ya kati na katika masoko yote yaliyoungana nayo hadi Misri, Aden na Gujarat. Mfalme wa Kilwa alijenga Husuni Kubwa kwa bei ya dhahabu iliyopangwa na watu ambao hata jina la Kilwa huenda hawakulisikia.

Nyufa

Dalili ya kwanza ya udhaifu imo katika jumba hilo hilo. Husuni Kubwa haikumalizika kujengwa, na haikukaliwa kwa muda mrefu. Ibn Battuta anasimulia kwamba Abu al-Mawahib alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daud, na kwamba mwombaji alipomjia Daud alijibiwa kuwa mtoaji wa zawadi amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutolewa. Msomaji anaweza kukichukua kisa hicho kuwa cha bahili na mkarimu, kama visa vingi vya wafalme wawili. Lakini akikisoma mbele ya jumba lililoachwa nusu, atakiona kuwa taarifa ya hazina iliyokauka.

Katika miaka ya 1340 tauni iliziangamiza nchi za Mediterania na za Mashariki ya Kati, na wataalamu kadhaa wameiunganisha na kudorora kwa ujenzi wa Kilwa katika nusu ya pili ya karne ya 14. Kuba za msikiti ziliporomoka, na msikiti ukakaa katika hali hiyo kwa miaka mingi. Ulijengwa upya wakati wa Sulaiman bin Muhammad, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, na katika zama hizo mji ulipata uhai tena, sambamba na jirani yake Songo Mnara.

Uhai huo haukurudisha mambo ya zamani, kwani chemchemi yenyewe ilikuwa ikihama. Baada ya mwaka 1450 hivi Zimbabwe Kuu ilipoteza nguvu zake. Wataalamu wanataja kuchoka kwa ardhi na malisho, uhaba wa kuni, ugomvi wa watawala na kugeuka kwa njia za biashara, na inaelekea sababu hizo zilisaidiana. Mrithi wake mmoja, ufalme wa Torwa, uliweka makao Khami, upande wa magharibi. Mwingine, ufalme wa Mutapa, ulikuwa kaskazini, karibu na bonde la Zambezi. Dhahabu ya Mutapa haikuwa na lazima ya kupita Sofala. Iliweza kushuka kwa mto na kutokea Angoche na bandari nyingine ambako wafanyabiashara Waswahili walijitafutia riziki bila kumjali mfalme wa Kilwa.

Wakati huo huo kiti cha enzi kiligeuka mchezo wa mawaziri na maamiri. Sehemu ya mwisho ya tarihi ni orodha ya masultani waliowekwa na kuondolewa, huku nguvu zenyewe zikiwa kwa Amiri Muhammad Kiwabi na baada yake kwa Amiri Ibrahim. Ibrahim alipomwondoa Sultani al-Fudhail mwishoni mwa karne ya 15, alitawala bila kuwa sultani machoni pa wengi wa raia wake. Hapa ndipo maana ya kisa cha Mzee Mrimba inaporudi. Uhalali uliokuwa umefungwa kwa pande mbili, baba na mama, kisiwa na bara, ulikuwa umelegea kote kuwili.

Wareno

Vasco da Gama aliipita Kilwa mwaka 1498 bila kutua. Cabral alitua mwaka 1500, akazungumza na Ibrahim, wasipatane. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha Ibrahim kulipa mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, Ibrahim akakimbia, na mji ukaporwa. Wareno wakajenga ngome na kumtawaza Muhammad bin Rukn al-Din, tajiri wa mji aliyekuwa rafiki yao. Mwaka uliofuata aliuawa. Mwaka huo huo wa 1505 walijenga ngome nyingine Sofala.

Kinachostahili kuangaliwa sana ni kilichofuata. Wareno waliokamata Kilwa na Sofala walidhani wameshika dhahabu, kumbe wameshika mlango wa nyumba iliyohamwa. Barua ya Diogo de Alcáçova ya mwaka 1506 ilimweleza mfalme wa Ureno kuhusu vita vya bara vilivyoizuia dhahabu isishuke Sofala. Wafanyabiashara Waswahili walizikwepa ngome na kupita njia nyingine. Mwaka 1512 Wareno waliiacha Kilwa wenyewe, kwa kuwa gharama ya ngome ilizidi faida yake. Baadaye, tangu mwaka 1531, waliifuata dhahabu kwa kupanda mto Zambezi hadi Sena na Tete.

Basi ni kweli kwamba Ureno iliipora Kilwa, na kosa hilo halifutiki. Lakini anayesema kuwa Ureno peke yake ndiyo iliyoangusha ufalme huo anampa mshambuliaji sifa kubwa kuliko anayostahili, na anawanyima watu wa Kilwa na wa Zimbabwe nafasi yao ya kuwa watendaji katika historia yao wenyewe, wenye uwezo wa kujenga na wenye uwezo wa kubomoa.

Baada ya ufalme

Kilwa haikufa mwaka 1512. Ilishambuliwa na Wazimba mwaka 1587, na katika karne ya 18 ikainuka tena kwa biashara ya pembe na, kwa masikitiko, ya watu. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia mkono mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Ufalme uliowahi kuwa kiungo baina ya bara na dunia ulikuwa sasa unawauza watu wa bara, jamaa za Mzee Mrimba. Katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho alihamishiwa Maskati kwa amri ya Sayyid Said, na biashara yote ikashikwa na Kilwa Kivinje. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Bahari na mvua zikayala hata yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini kuanzia mwaka 2004 hadi 2014.

Hitimisho

Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kilwa ilitegemea dhahabu ya Zimbabwe, upepo wa kaskazi na kusi, na masoko ya ng'ambo. Na katika hayo matatu, hakuna hata moja lililokuwa chini ya amri yake. Uwezo wake wa kweli ulikuwa katika kuunganisha: mgeni na mwenyeji, kisiwa na bara, Kiarabu cha msikitini na Kiswahili cha nyumbani. Ulipokuwa unaunganisha, ufalme ulisimama. Ulipobakia kutoza ushuru na kugombea kiti, haukuwa na kitu cha kuutetea.

Yapo mambo mawili yanayowahusu hasa wasomi wa lugha. La kwanza ni kwamba historia ya Kilwa imeandikwa kwa kufuata zaidi maandishi ya Kiarabu na ya Kireno, na masimulizi ya Kiswahili yamewekwa pembeni kama hadithi za watoto. Na kumbe ndiyo yaliyohifadhi jambo ambalo tarihi ililifuta, na ambalo mifupa imelishuhudia mwaka 2023. Masimulizi ya namna hiyo yapo mengi, pwani na bara, Kalenjini na kwingineko, nayo yanahitaji watu wanaozijua lugha zake kwa ndani. La pili ni kwamba Kilwa na Zimbabwe zimezoeleka kusomwa katika vitabu viwili tofauti, kimoja cha pwani ya Kiislamu na kingine cha bara la Kibantu. Mgawanyo huo ni wa watafiti. Watu waliobeba nguo kwenda juu na dhahabu kwenda chini hawakuujua, na neno lao la kuita jiwe lilikuwa moja.